Kadiri na Kadari: Nukta za Kwanta, Mwanga wa Jua na Giza la Bunia

Miongoni mwa maswali yanayowakabili waumini wa Ituri, mkoa wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, liko moja ambalo halitamkwi sana mimbarani ingawa limejificha nyuma ya mazungumzo ya kila siku, nalo ni hili: kati ya mipaka inayomzunguka mwanadamu, ni ipi iliyowekwa na Muumba, na ni ipi iliyowekwa na wanadamu wenyewe kisha ikapewa jina la Muumba ili isihojiwe tena? Bunia, makao makuu ya mkoa huo, ni mahali panapolifaa swali hilo. Mji huo uko digrii moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta, kwenye nyanda za juu zinazozidi mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kila mita ya mraba ya ardhi yake hupokea kwa wastani takribani kilowati-saa 5 za nishati ya jua kwa siku, bila tofauti kubwa kati ya mwezi na mwezi. Hata hivyo, jua linapotua mnamo saa kumi na mbili jioni, nyumba nyingi huingia gizani, na giza hilo huelezwa na wengi kwa maneno ya unyenyekevu kwamba ndivyo Mungu alivyopanga. Insha hii inayapima maneno hayo kwa msaada wa elimu ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina uhusiano na imani, yaani elimu ya chembe ndogo mno zinazoitwa nukta za kwanta na namna zinavyotumiwa kuboresha seli za kufua umeme kutokana na mwanga wa jua.

Kiswahili chenyewe kinatoa mwanzo wa jibu. Neno "kadiri", ambalo maana yake ni kipimo au kiasi, na neno "kadari", ambalo maana yake ni majaliwa au amri ya Mungu juu ya yatakayokuwa, yametoka katika shina moja la Kiarabu, ambamo kupima, kuamuru na kuwa na uwezo ni mambo yasiyotengana. Na katika shina hilohilo limechipuka neno "kudura", uwezo wa Mungu, na neno "makadirio", ambayo ni hesabu ya mtu asiye na hakika. Kwa hiyo anayesema kwamba jambo fulani ni kadari anasema, ajue asijue, kwamba jambo hilo limepimwa. Wazo hilo si la Waislamu peke yao. Kitabu cha Hekima, ambacho Wakatoliki hukihesabu katika Maandiko Matakatifu na Waprotestanti wengi hawakihesabu, kinamsifu Mungu kuwa ndiye aliyevipa viumbe kipimo, idadi na uzito wake, na Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alilitafakari fundisho hilo kwa kina alipofafanua habari za uumbaji. Lakini kupimwa si kufungwa. Mwenye kuambiwa kwamba kuna kipimo ana haki ya kuuliza ni kitu gani kilichopimwa, na kikiwa katika hali gani, kwa sababu kipimo kisichotajiwa masharti yake hakina maana kwa fundi wala kwa mwanatheolojia.

Katika elimu ya seli za jua kipo kipimo mashuhuri cha namna hiyo. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba seli ya kawaida, hata ikitengenezwa bila kasoro yoyote, haiwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya takribani theluthi moja ya nishati ya jua inayoiangukia. Hesabu za sasa hukitaja kikomo hicho kuwa karibu asilimia 33. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Seli hutengenezwa kwa nusu-kipitishi, yaani dutu kama silikoni ambayo hairuhusu umeme kupita kwa uhuru mpaka elektroni zake zipewe nishati ya kutosha kuruka kutoka ngazi ya chini, zilikofungwa, hadi ngazi ya juu, ambako zinaweza kutembea. Umbali kati ya ngazi hizo mbili huitwa pengo la nishati. Mwanga nao huja kwa vifungu visivyogawanyika vinavyoitwa fotoni, kila kimoja na nishati yake, vile vya rangi nyekundu vikiwa hafifu na vile vya zambarau vikiwa na nguvu. Fotoni isiyofikia pengo hupita bila kuzaa kitu. Fotoni inayolizidi pengo hurusha elektroni moja tu, na ziada yake yote huyeyuka kuwa joto kabla haijamfaa mtu. Katika silikoni karibu moja ya tano ya nishati ya jua hupotea kwa njia ya kwanza na karibu theluthi kwa njia ya pili, hivyo kwamba paneli iliyo juu ya bati, ambayo mwenye nyumba huiona ikimeza jua mchana kutwa, huitumia sehemu kubwa ya nishati hiyo kupasha moto hewa iliyoizunguka.

Ni rahisi kukisoma kikomo hicho kana kwamba ni sheria ya maumbile isiyo na masharti. Anayeisoma hesabu ya 1961 kwa makini, hata hivyo, ataona kwamba masharti yametajwa waziwazi: seli ina pengo moja tu, kila fotoni huzaa elektroni moja tu, na ziada yote huwa joto. Wanaoyasahau masharti wakabaki na nambari peke yake ni wasomaji, na tabia hiyo ya kushika nambari na kuacha masharti ndiyo inayostahili kuchunguzwa, maana haiko maabara tu.

Nukta ya kwanta ni fuwele ya nusu-kipitishi yenye kipenyo cha nanomita 2 hadi 10 hivi, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Neno "kwanta" hutaja kule kwenda kwa ngazi badala ya mteremko: katika ulimwengu wa vitu vidogo mno nishati haipandi kidogo kidogo bali hupanda kwa hatua zilizohesabiwa. Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi lililofungiwa katika chumba chembamba hulazimika kubeba nishati kubwa zaidi kuliko lililo katika chumba kipana. Wapigaji wa adungu, kinubi cha Waalur wa Mahagi na ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, wanajua kanuni inayofanana na hiyo kwa vidole vyao, kwani uzi mfupi hulia kwa sauti ya juu na uzi mrefu kwa sauti ya chini, ingawa nyuzi zote zimetengenezwa kwa kitu kimoja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa selenaidi ya kadimiamu, ambayo ikiwa nukta za nanomita 2 hivi hung'aa kwa rangi ya buluu, na ikiwa nukta za nanomita 6 hivi hung'aa kwa rangi nyekundu, bila kuongezwa wala kupunguzwa kiungo chochote.

Jambo hilo lilitabiriwa kwa hesabu na Herbert Fröhlich mwaka 1937, lakini halikuonekana kwa macho mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, Alexei Ekimov alipoliona katika vioo vya rangi huko Urusi ya Kisovieti na Louis Brus katika chembe zinazoelea ndani ya kimiminika huko Marekani. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake walipata njia ya kuzitengeneza zikiwa za ukubwa uliosawazishwa, na mwaka 2023 watu hao watatu wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa fundi wa seli za jua faida yake ni kubwa. Salfaidi ya risasi, ambayo wachimba madini huijua kwa jina la galena, ina pengo dogo mno kwa kazi hiyo inapokuwa jiwe. Ikipunguzwa kuwa nukta, pengo lake hupanuka kufikia kadiri anayoitaka fundi, naye huichagua kwa kuamua ni lini atasimamisha ukuaji wa fuwele.

Hapo ndipo falsafa inapoingia, na inafaa iingie kupitia mlango wa nyumbani. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kazi yake ya 1956 juu ya falsafa ya kuwepo miongoni mwa Wanyarwanda, alidai kwamba ngeli za lugha za Kibantu zinavigawa vyote vilivyopo katika makundi manne: umuntu, yaani kiumbe mwenye akili, ikintu, yaani kiumbe kisicho na akili, ahantu, yaani mahali na wakati, na ukuntu, yaani namna kitu kinavyokuwa. Alikuwa akijibu kwa sehemu kitabu cha Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga na ambaye mwaka 1945 alitangaza kwamba kwa Wabantu kuwepo ni nguvu. Paulin Hountondji wa Benin na wakosoaji wengine walionya baadaye kwamba sarufi si falsafa, na kwamba hakuna taifa zima linalofikiri wazo moja. Onyo hilo ni la haki, na makundi ya Kagame hayathibitishi jambo lolote kwa kuwemo tu katika lugha. Hata hivyo yanasaidia kuona. Kiswahili kinayo mtu, kitu na mahali. La nne hakikulihifadhi kwa umbo hilo, bali kililigawa kati ya maneno mengi, kama vile namna, jinsi, hali na kiasi. Katika mafundisho ya kale yaliyotoka kwa Aristotle, kiasi kilihesabiwa kuwa sifa inayoambatana na kitu kwa nje, isiyogusa kile kitu kilivyo kwa ndani, na Kagame naye alikiweka kiasi katika kundi la namna. Nukta ya kwanta haivunji mpangilio huo, maana salfaidi ya risasi imebaki kuwa salfaidi ya risasi. Inachokifanya ni kuonyesha kwamba namna ina uzito kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa rangi ambayo kitu kitaitoa na mwanga ambao kitaupokea au kuuacha upite huamuliwa na kiasi chake. Anayekijua kitu lakini hajui namna yake, basi, hajajua bado kitu hicho kinaweza kufanya nini.

Matokeo yake kwa kikomo cha 1961 yalikuwa makubwa. Mwaka 2002 Arthur Nozik alitoa hoja kwamba ndani ya nukta ndogo, ambamo nishati ya ziada haikimbilii joto kwa wepesi, fotoni moja yenye nguvu ingeweza kurusha elektroni mbili badala ya moja. Mwaka 2004 Richard Schaller na Victor Klimov wa maabara ya Los Alamos waliripoti kuliona jambo hilo katika nukta za selenaidi ya risasi, na mwaka 2011 watafiti wa maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, huko Colorado, walionyesha seli kamili ambayo kwa kila fotoni 100 zenye nguvu zilizoiangukia ilitoa elektroni 114. Mhubiri anaweza kushawishika kuifananisha habari hiyo na mikate iliyoongezeka nyikani, lakini ulinganisho huo utakuwa na kosa, kwa sababu hakuna nishati iliyoongezeka; fotoni ile tangu mwanzo ilikuwa na nishati ya kutosha elektroni mbili, na moja ilikuwa ikitupwa. Ulinganisho wa haki zaidi uko mwishoni mwa simulizi hilohilo la Injili, pale wanafunzi wanapoagizwa kuviokota vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu. Ni jambo la kutafakari kwamba masimulizi ya muujiza hukumbukwa kwa wingi wa mikate, na vile vikapu kumi na viwili vya mabaki, ambavyo vinamfundisha mwanadamu kazi iliyo ndani ya uwezo wake, hupitwa haraka.

Hesabu zinaonyesha kwamba kwa njia hiyo kikomo kinaweza kusogea kutoka karibu asilimia 33 hadi karibu asilimia 44. Kufika huko ni habari nyingine. Seli ile ya 2011 ilikuwa na ufanisi mdogo kwa jumla, na seli bora za nukta za kwanta zilizopimwa maabara zimevuka asilimia 18 tu, ilhali paneli za silikoni zinazouzwa madukani hufika asilimia 20 na kupita. Tatizo moja ni la ujenzi: safu ya nukta inapaswa kuwa nene ili inase mwanga wote, na inapaswa kuwa nyembamba ili elektroni itoke nje kabla haijaanguka tena kwenye ngazi ya chini. Ndiyo maana watafiti huzijaza nukta ndani ya miundonano, yaani sponji au misitu ya vijiti vya oksidi ya titani au ya zinki vyenye unene wa makumi ya nanomita, ili mwanga upite safari ndefu na elektroni ipite safari fupi katika safu ileile.

Zaidi ya kikomo kilichosogezwa kipo kingine ambacho hakuna ustadi unaotazamiwa kukisogeza. Uso wa jua una joto la takribani nyuzi 5,500 za selsiasi, na dunia inayoupokea mwanga huo ina joto lake dogo; sheria za mwendo wa joto zinasema kwamba kati ya miili hiyo miwili haiwezekani kuigeuza nishati yote kuwa kazi, na kikomo hicho cha mwisho huhesabiwa kuwa karibu asilimia 93. Ikiwa liko jambo katika habari hizi linalostahili kuitwa kadari kwa maana kamili ya neno, ni hilo, kwa sababu limetokana na jinsi jua na dunia vilivyoumbwa, si na jinsi seli ilivyoundwa. Mwenye imani anaweza kuinama mbele yake bila aibu. Lakini ameombwa kuinama mbele ya asilimia 93, na wanadamu wanapiga magoti wakiwa bado chini sana ya hapo.

Bunia iko chini zaidi. Paneli ya kawaida kabisa, yenye ukubwa wa mita moja ya mraba na ufanisi wa asilimia 15, hukusanya chini ya jua la Ituri takribani wati-saa 750 kwa siku. Theluthi ikipotea katika betri na nyaya, zitabaki wati-saa 500, ambazo zinatosha kuwasha taa 20 za wati 5 kwa saa tano za usiku. Hesabu hiyo fupi inatosha kuonyesha kwamba giza la mji halikusababishwa na kikomo cha Shockley na Queisser, wala halitaondolewa na ugunduzi wa maabara pekee. Bwawa la Budana, kwenye mto Shari, lilijengwa enzi ya ukoloni wa Wabelgiji ili kuzipa umeme mashine za migodi ya dhahabu ya Kilo, ambako dhahabu ilipatikana mwaka 1903; mwanga ulikwenda kwanza kulikokuwa na dhahabu, na wakazi wakawa watu wa kungoja. Baadaye vikaja vita vya 1999 hadi 2003 na mapigano ambayo yameendelea kurudi, yakawasukuma wakulima wa Djugu na Irumu hadi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kama ile ya Kigonze. Vifaa vingi vya sola huingia kutoka Uganda, kwa ziwa Albert au kwa barabara ya Mahagi, na kila kizuizi cha barabarani huongeza bei. Mahubiri ya mlimani yanafundisha kwamba jua huwachomozea waovu na wema pamoja, na kweli halijawahi kusimamishwa kizuizini. Kinachosimamishwa ni paneli. Kwa lugha ya Kagame, kilichokosekana si kitu wala mahali. Ni namna, na namna hii ni ya watu kupangiana maisha yao.

Kwa hiyo anayesema mbele ya giza la Bunia kwamba ndivyo Mungu alivyopanga anachanganya vikomo vitatu vilivyo mbali sana: kile cha uumbaji, kile cha muundo wa chombo na kile cha mapatano ya wanadamu. Kosa hilo si dogo kwa mtu wa dini, kwa kuwa anambebesha Mungu lawama ambayo wenyewe wanajulikana, na kufanya hivyo kwa sauti ya unyenyekevu hakuifanyi kuwa heshima. Inatia moyo kwamba Chuo Kikuu cha Shalom cha Bunia, kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya theolojia ya makanisa ya kiinjili, kilipanuka baadaye na kuingiza masomo mengine, maana swali la mipaka linahitaji wanaojua Maandiko na wanaojua vipimo wakae meza moja. Nukta za kwanta nazo zina ahadi yake ya pekee kwa mahali kama hapo: silikoni huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,400, lakini nukta hupikwa katika kimiminika kwa joto la mamia machache ya nyuzi, kisha huweza kupakwa kama wino juu ya plastiki nyepesi inayobebeka mgongoni.

Lipo pingamizi ambalo halifai kupitwa haraka. Wapo watakaosema kwamba kusogeza vikomo ni kiburi cha Babeli. Jibu limo katika neno lile lile "kiasi", ambalo katika Biblia ya Kiswahili ni jina la tunda mojawapo la Roho, yaani uwezo wa mtu kujitawala. Ituri inajua gharama ya kukosa kiasi hicho, kwani wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha huichoma ikawa mvuke, na sumu yake hurudi katika mito na katika miili. Nukta zinazosifiwa hapa zina risasi au kadimiamu, na zote mbili ni sumu. Kiasi chake si kikubwa: safu ya salfaidi ya risasi yenye unene wa nusu ya elfu moja ya milimita huwa na gramu tatu hivi za risasi kwa mita ya mraba, ilhali betri ya gari hubeba kilo kadhaa. Lakini betri iliyokufa ina mnunuzi, kwa kuwa risasi yake inauzika, na gramu tatu zilizotandazwa juu ya plastiki iliyochanika hazina mnunuzi. Watafiti wanajaribu nukta zisizo na sumu, kama zile za salfaidi ya shaba na indi, na kazi hiyo inastahili kupewa uzito sawa na mbio za kutafuta ufanisi. Risasi haiozi; itakayooshwa na mvua kutoka kwenye jalala itashuka hadi Shari, na watakaochota maji huko baada ya vizazi viwili watakuwa wamerithi kadari ambayo Mungu hakuiandika.